Gari la Kumpokelea Baba

Juzi nilipeleka gari langu gereji huku Etobicoke, Toronto, kubadilishiwa matairi ya baridi, nikakuta fundi amefungua kiti cha nyuma cha gari la mtu mwingine na kukiegemeza ukutani. Kiti kizima cha watu watatu, mikanda inaning'inia. Nadhani alikuwa akitafuta nyaya zilizotafunwa na panya. Nilisimama nikakitazama, harufu ya sponji kuukuu na oili ikanipanda puani, na ghafla sikuweza kukaa mle ndani. Nikatoka nje nikasimama kwenye baridi bila koti. Fundi alinifuata kuniuliza kama niko salama, nikamwambia niko salama kabisa. Ningemwambia nini? Kwamba kiti cha nyuma cha gari ndicho kilichonifanya niambiwe kuwa sina baba?

Niseme mapema nisije nikamchanganya mtu, maana mimi mwenyewe nilichanganyikiwa vya kututosha sote. Baba yangu alifia kwao Nakuru, alikokwenda kumwuguza mama yake. Alikwenda kuuguza, akatangulia yeye. Moyo tu, walisema. Mama aliambiwa kwa simu, na mimi sikuambiwa. Toka siku ya simu hiyo hadi siku ya kiti ilipita eda nzima ya mama yangu, na muda wote huo nilikuwa nikimngoja Baba arudi tukampokee uwanja wa ndege kwa gari lake.

Tulikaa Weston, kwenye ghorofa kuukuu linalotazama mto Humber, lenye lifti iliyokuwa na tabia ya kufungua mlango kabla haijafika. Baba alipakia mizigo kwenye ndege. Mama aliendesha basi la shule. Mama ni Mtanga, Kiswahili chake cha kupimwa kwa mizani, na Baba alikuwa Mkenya anayesema kinachomjia, kwa hiyo nyumbani kwetu kesi ya nani anaharibu lugha haikuwahi kufungwa. Mimi niliwasikiliza wote wawili nikawajibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa jengo lile.

Baba alikuwa na ugonjwa wa magari. Aliupata utotoni, kwenye yale mashindano ya Pasaka yaliyokuwa yakipita karibu na kwao, ambapo watoto walikaa kando ya njia tangu asubuhi wakingoja, gari likipita wanapata vumbi na kelele basi, na wanarudi nyumbani wameshiba. Huku Toronto alipata pa kuupunguzia. Nje ya jiji, katikati ya mashamba ya mahindi, kuna kiwanja kidogo cha mviringo ambapo Jumamosi za kiangazi watu hushindana kwa magari ya kawaida. Si yale ya kwenye televisheni. Magari ya watu, yaliyokuwa yakienda dukani na kanisani, yamevuliwa kila kitu na kupakwa namba ubavuni kwa brashi.

Aliyekuwa akienda naye ni jirani yetu wa mlango wa tatu, Anko Rozario, Mgoa wa Kampala, Mkatoliki wa kwenda misa kila siku, karani mstaafu ambaye hakuwahi kushindana maishani ila alikuwa na maoni juu ya kila gari. Alibeba kisanduku cha spana na bakuli la sambusa, na ndiye aliyenieleza mambo hayo yalivyoanza.

"Zamani mtu alikuja na gari ile ile ya kwenda kazini," aliniambia. "Anatoa taa, anafunga milango na mkanda wa suruali, anashindana, halafu anarudi nayo nyumbani imebonyea. Jumatatu bibi yake anakwenda nayo sokoni. Hakuna kubadilisha kitu chini. Gari umechagua, ni hiyo, men. Umechagua mbaya, utakula vumbi mwaka mzima."

"Sasa wanaenda wapi?" nilimwuliza siku ya kwanza, magari yakizunguka mbele yetu, kushoto, kushoto, kushoto tena.

"Hawaendi popote. Wanazunguka."

"Halafu?"

"Halafu wanarudi nyumbani."

Sikumwamini. Nilidhani kuna mwisho wa mchezo ambao watu wazima wanaujua na wananificha. Kwa kweli hata sasa sina hakika kama haupo.

Gari la mbio la Baba lilikuwa dogo, jekundu, na kabla ya hapo lilikuwa la Mama. Niliona kwa macho yangu lilivyogeuzwa. Wiki moja nilikuwa nimekaa nyuma nikila bisi, wiki ya pili viti havimo, vioo havimo, na milango imechomelewa isifunguke tena. Dereva huingilia dirishani. Nilipokwenda kuvuta mlango niliouzoea, ukagoma, Baba akacheka. "Hii sasa ni ndinga ya mtu mmoja," alisema. Nikajifunza kanuni yangu, ambayo hakuna aliyenifundisha: gari likishaingia mbioni si la watu tena. Halimpeleki mtu mahali wala halimrudishi.

Lakini tulikuwa na la pili. Refu, la rangi ya chai ya maziwa, kiti cha mbele kipana kama cha nyuma, na buti ambalo Baba alisema linatosha kuhamia. Lile ndilo lilikuwa gari letu la Idi, la hospitali, la kwenda kupokea wageni. Na lile ndilo Baba alilolitaka kwa mbio.

Mabishano yake na Mama yalianza theluji ilipokuwa bado chini. Hayakuwa ya siri, yalifanyika mezani, juu ya chakula.

"Hilo jekundu limechoka," Baba alisema. "Magurudumu ya mbele ndiyo yanavuta na ndiyo yanapiga kona. Kazi mbili! Tairi zinakwisha kabla mbio haijafika nusu. Hii kubwa inasukuma kutoka nyuma. Ni nzito, ni ngumu, haivunjiki. Gari ya kushinda ni ile inafika, mama Rehema."

"Inafika wapi, baba Rehema, na nyinyi mnazunguka?"

Anko Rozario, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi akabaki kwa biriani, alicheka hadi akakohoa.

"Gari la nyumbani lina viti vya watu watano," Mama akaendelea. "La mchezo lina kiti kimoja. Umeshachukua langu. Sasa chagua: una familia au una kiti?"

"Hizo ni siasa," Baba alisema.

"Siyo siasa. Sikubali. Nikisema sikubali, sikubali."

Mama akisema hivyo mara mbili, hata Anko Rozario aliacha kucheka. Baba alinikonyeza, maana yake mambo bado. Halafu ikaja habari kwamba mama yake anaumwa, na akafunga safari haraka. Tulimpeleka uwanja wa ndege kwa gari refu. Mama alimwambia, "Ukirudi tutaongea," na nilijua wanaongelea gari. Baba aliinama dirishani kwangu. "Rehema, nichungie hii ndinga. Mtakuja nayo kunichukua, sawa?"

Nikamwambia sawa. Mtoto wa miaka minane akiambiwa achunge kitu, anachunga. Kila nikitoka shule nilipita nyuma ya jengo, maegeshoni, nikalizunguka gari kuhakikisha lipo, nikachungulia ndani nikaona viti vipo, ndipo nikapanda juu.

Simu sikuisikia, au niliisikia bila kuijua. Ninachokumbuka ni maji ya bafuni kufunguliwa mchana na kuachwa yatiririke muda mrefu, na mimi nikiwaza kwamba Mama anaosha zulia. Jioni yake nilipelekwa kwa Anko Rozario, nikalishwa keki, nikatazamishwa televisheni kwa sauti ya juu mno. Nyumbani kwetu kulijaa watu. Nilisikia Kurani kwenye korido, nikadhani wanamwombea bibi yangu apone.

Kumbe Bibi wa Tanga, mama yake Mama, alikuwa ametoa amri kwa simu: mtoto asiambiwe sasa, atashtuka, yuko mbali na ndugu, mwache mpaka mama yake amalize eda. Mambo ya kwetu ni hayo. Tunaamini mtoto hasikii mpaka aambiwe. Simlaumu Bibi, ila laiti angejua nilivyohangaika kuisoma nyumba ile bila kujua herufi zake.

Mama alibadilika, na sikuelewa kabadilika kuwa nini. Aliacha manukato. Mama yangu, ambaye chumba kilijua ametoka kwa harufu tu, alianza kunukia sabuni ya kufulia. Alivaa magauni mawili, yote ya rangi iliyopauka, anafua hili anavaa lile. Pete na bangili zikaingia kwenye kikopo juu ya kabati. Alikwenda kuendesha basi lake akarudi moja kwa moja, na hata tukialikwa hatuendi. Sikujua kwamba kuna kitu kinaitwa eda, kwamba mjane hukaa miezi minne na siku kumi bila kujipamba na bila kutoka ovyo. Nani angenifundisha, na darasani kwetu tulikuwa tunafundishwa juu ya dubu na mto wa barafu? Nilifikiria kwa akili yangu, nikaamua: Mama amemkasirikia Baba kwa sababu ya gari, na akikasirika hajipambi mpaka mwenyewe arudi kuomba radhi.

Tena kulikuwa na jambo la kichwa changu. Ghafla kila mtu alitaka kunishika kichwa. Mwanzo ni Bi Sakina, rafiki wa Mama, Mkhoja wa Tanga aliyefanya kazi ofisini katikati ya jiji na kutuletea chakula kila Ijumaa. Alikuwa akiingia tu, kabla ya kuweka bakuli, ananipapasa utosini taratibu, midomo yake ikicheza kwa maneno nisiyoyasikia. Halafu wanawake wengine. Halafu mzee mmoja msikitini, nisiyemjua kabisa, aliniita, akanishika kichwa, akanipa peremende na kufuta macho. Nilikimbia chooni nikajitazama kwenye kioo. Nilidhani nina chawa. Nikamwomba Mama anisuke upya, akanisuka, wakaendelea kunishika. Nikadhani basi labda kichwa kinakua vibaya, na watu wanakipima na kunionea huruma. Kwa muda nilitembea na kofia ya sufu hata siku za jua. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kumpapasa yatima kichwani ni thawabu, na kwamba huyo yatima ni mimi.

Nilipouliza Baba atarudi lini, Mama alinijibu, "Mungu ndiye ajuaye." Nilipouliza mara nyingine alisema, "Kula kwanza." Nikala. Nilikuwa mtoto mtiifu, na utii ni mzuri ila haukupi habari.

Kiangazi kikaja, shule zikafungwa. Siku moja asubuhi niliamshwa na harufu. Udi! Niliruka kitandani. Bi Sakina alikuwa sebuleni na chetezo, na Mama ametoka kuoga, amevaa kanga mpya iliyokuwa bado ngumu kwa wanga, bangili zimerudi mkononi, nywele zinanukia asmini. Wanawake wachache wakaja, wakasoma, wakala, wakamkumbatia mmoja mmoja. Macho yao yalikuwa mekundu, lakini hilo sikulijali, kwetu watu hulia hata harusini. Mimi nilichokiona ni kimoja. Mama kajipamba. Mwanamke hujipamba mumewe akirudi, hilo nilikuwa nimelisikia mara nyingi kwenye masihara ya mashoga zake. Basi hasira zimekwisha na Baba anakuja.

Usiku huo nilitayarisha gauni langu la Idi. Kesho yake nililivaa mwenyewe, na viatu vya kamba, na nikaamua kutomwuliza Mama chochote ili nisiiharibu siri yake. Nilipoamka alikuwa ameshatoka. Nikajua yuko chini anawasha gari. Nikashuka kwa ngazi, lifti nikaona itanichelewesha.

Gari refu lilikuwa pale pale, milango yote minne wazi. Anko Rozario alikuwa amepiga magoti kando na kisanduku chake cha spana. Na juu ya lami, kwenye jua, kilikuwepo kiti chetu cha nyuma. Kile cha mbele kirefu kilikuwa kimetoka tayari, na mahali pake pamewekwa kiti kimoja chembamba, upande wa usukani. Mama alikuwa ndani kwa magoti, kavaa suruali ya Baba ya kazi, anavuta zulia la sakafuni kwa mikono miwili. Bangili zake zilikuwa zikilia. Bado alinukia udi.

Sikuelewa kitu hata kimoja. Nilitazama kiti, nikamtazama Mama, nikatazama tena. Kama Baba anakuja leo, mbona gari linavuliwa? Na kama Mama alikataa, akasema mara mbili, mbona sasa ndiye anayevua? Nilihesabu mahali pa kukaa nikapata pamoja tu.

"Mama," nilisema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilisema kwa Kiswahili, nikitaka pasiwe na njia ya kunikwepa. "Baba akija, atakaa wapi?"

Anko Rozario aliweka spana chini. "Mimi naangalia kitu kule," alisema, akaenda upande ambao hapakuwa na kitu.

Mama alitoka garini. Aliniona gauni, akaniona viatu, nadhani hapo alielewa yote. Akaenda kukaa kwenye kile kiti pale kwenye lami, akagonga mahali pa pembeni yake. Nilikaa. Ilikuwa ajabu kukaa kwenye kiti cha gari pasipo gari, unaona anga yote.

"Rehema, baba yako hayupo."

"Najua. Yuko Nakuru."

"Yuko Nakuru, ndiyo." Alikuwa akitazama mikono yake, imejaa vumbi la zulia. "Amefariki, mwanangu. Amekufa. Amezikwa huko huko kwao, mimi sikuwahi hata kwenda. Yeye ndiye alikuwa mgonjwa, sote hatujui, hata mwenyewe hajui. Nilitakiwa kukwambia siku ile ile. Nikaambiwa ningoje, na mimi nikashukuru kuambiwa ningoje, maana sikuwa na kinywa cha kulisema."

Nilingoja aendelee, kama vile bado hajafika kwenye habari yenyewe. Treni ya kwenda mjini ikapita.

"Sasa gari unampa nani?" niliuliza.

"Simpi mtu. Nitaliendesha mimi."

"Mbioni?"

"Mbioni."

Naona aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa: kati ya habari mbili nilizopewa asubuhi ile, iliyonishangaza ni ya pili. Ya kwanza ilikuwa kubwa mno, haikuingia mlangoni. Nikashika nyepesi. Nikamwuliza kama atavaa helmeti juu ya mtandio au mtandio juu ya helmeti, akacheka, na akicheka machozi yakamtoka, akaniegemeza kwake. Mimi sikulia. Nilikuwa nikiwaza kwamba nimevaa gauni la Idi bure.

Wiki zilizofuata zilikuwa za ajabu kuliko za mwanzo. Nilianza kurudi nyuma na kusoma upya kila kitu, maji ya bafuni, keki ya Anko Rozario, kofia yangu ya sufu. Niligundua kwamba mwalimu wangu alikuwa akijua. Msimamizi wa jengo alikuwa akijua. Mzee wa peremende alikuwa akijua. Nilikasirika kwa namna ambayo sikuwa na pa kuipeleka, maana mwenye makosa ni nani, na wote walinipenda? Na hapo hapo nilikuwa nikijua na sijui. Mlango wa lifti ukifunguka jioni bado niliinua shingo. Mama na Anko Rozario waliponiona sijalia walinitazama kwa wasiwasi, wakinisubiri kama watu wanaosubiri mvua iliyotabiriwa.

Kazi ya gari ikaendelea. Kwenye gereji ya rafiki yake Baba yalifungwa mabomba ya chuma ya kumkinga dereva, na milango ikachomelewa. Nilisimama nikatazama milango ikichomelewa mmoja mmoja. Bi Sakina alikuja kuona akashika kiuno.

"Makubwa haya! Mjane wa juzi juzi, watu watasema nini?"

"Watasema," Mama alimjibu. "Eda nimekaa, nimeimaliza, sikuruka hata siku moja. Hili ni lake, bado moja hili tu."

"Si ulimkatalia mwenyewe?"

"Ndiyo maana."

Nimemwuliza mara nyingi tangu wakati huo. Yuko hai, mzee sasa, anakaa nami hapa Etobicoke na kunikosoa Kiswahili. Kwa nini gari lile, Mama, kwa nini usiuze, kwa nini uendeshe mwenyewe? Huwa ananijibu kila mara jibu tofauti. Mara moja tu alinijibu kwa namna iliyonigusa, akichambua mchele, bila kuinua macho: "Kumkubalia mtu akishakufa ni rahisi, Rehema. Hakuna anayekushukuru, lakini hakuna anayekushinda pia." Nikaelewa kidogo, kisha nikapoteza tena. Labda alitaka kuona kama kweli Baba alichagua vizuri. Labda alitaka tu kwenda kasi mahali ambapo hakuna anayemwuliza anakwenda wapi.

Siku ya mbio ilikuwa Jumamosi ya joto, mahindi yamesimama marefu kuzunguka kiwanja chote. Mama alivaa ovaroli ya Baba, ile ya bluu yenye alama ya oili kifuani. Ilikuwa kubwa, tukaikunja mikono na miguu. Zipu ilikwama, nikaivuta mimi. Alijifunga mtandio mwembamba, akavaa helmeti ya Baba juu yake, na Anko Rozario akafanya ishara ya msalaba haraka haraka, kisha akamwambia, "Samahani, mazoea." Mama akasema leo anapokea dua za dhehebu lolote. Akaingia dirishani, kichwa kwanza, miguu ikabaki nje kidogo ikitapatapa, kisha ikapotea ndani.

Magari yalianza kuzunguka. Mimi na Anko Rozario tulishika waya wa uzio. Gari refu halikuanza vizuri. Lilikuwa zito, madogo yakalipita kulia na kushoto, moja likaligonga ubavuni, nikasikia kishindo hadi mguuni. Lakini kadiri mbio zilivyokwenda, madogo yalianza kuchoka. Yakifika konani yalikuwa yakiteleza kwenda nje, matairi ya mbele yakilia, na gari letu likipita ndani yao taratibu, likisukumwa kutoka nyuma kama Baba alivyosema mezani.

"Ona! Ona, men!" Anko Rozario alipiga kelele. "Alichagua sawa! Baba yako alichagua sawa!"

Halikushinda. Sikumbuki hata lilimaliza la ngapi, najua tu yaliyokuwa nyuma yake yalikuwa mengi kuliko yaliyokuwa mbele. Kila likipita nililiona kwa nukta moja tu, ile ovaroli ya bluu, ile helmeti, ule mkono juu ya usukani. Linapotea, linarudi. Linapotea, linarudi. Nadhani ni hapo akili yangu ilipochoka kushika mambo mawili, ikaachia moja.

Maana nilikuwa nimeambiwa. Nilikuwa nimeelezwa juu ya kiti, kwa maneno ambayo hata mtoto huyaelewa. Zipu ya ovaroli niliivuta kwa mkono wangu mwenyewe. Na bado, mbio zilipokwisha, gari refu lilipokuja kusimama mbele ya uzio likitoa moshi, na dereva akajitoa dirishani, akakaa kidogo kwenye ukingo, akaruka chini na kuinua mikono miwili kuvua helmeti, mimi nilikuwa nimeshapita chini ya waya nakimbia kwenye majani, moyo umejaa furaha, kwa sababu amefika. Gari limemleta. Nililichunga nalo limemleta.

"Baba!" niliita, kwa sauti ambayo watu wa upande wa pili wa kiwanja waligeuka.

Helmeti ikatoka. Mama akaitika.

Ndipo nilipolia.